Wauza vibanda vya mbao vya kujiunganishia, acheni kutuambia ni nyumba za kuishi mwaka mzima!

Wakuu, salamu. Nimevumilia mpaka nimechoka, leo naandika.

Naishi kwenye kibanda cha mbao cha kujiunganishia, vile vinavyoletwa mbao zimefungwa fungu moja pamoja na mfuko wa skrubu na kijitabu cha maelekezo. Siendi kupumzika humo mwisho wa wiki. Nalala humo, napika humo, naoga humo, na mvua zikikaza naanika nguo humo humo. Aliyeniuzia alilijua hilo kabla sijalipa hata senti, maana nilimwuliza waziwazi, naye akanijibu kwa maandishi kwamba kinafaa kwa makazi ya kudumu. Leo nikimpigia ananiambia bidhaa yake ni "ya matumizi ya bustani". Hasira yangu inaanzia hapo.

Tuanze na ukuta. Vingi vya vibanda hivi kuta zake ni mbao za milimita 28 au 44, vya bei ya juu 70, na kila tangazo linaimba kwamba mbao inatunza joto kwa asili yake. Haya, inatunza kiasi gani? Sufi ya madini (nyuzi laini zinazojazwa ukutani kuzuia joto) yenye unene wa sentimita 10 inazuia joto karibu sawa na mbao nzito ya sentimita 30. Mimi nimeuziwa sentimita 4 na nusu kasoro, bila kitu kingine chochote nyuma yake. Usiku wa baridi nawasha hita mpaka chumba kinachemka, nikizima, kabla sijapata usingizi baridi imesharudi. Hakuna ufundi wa kuunganisha utakaoondoa hilo, kwa sababu kasoro iko kwenye unene wenyewe.

Kuna linalonikera kuliko baridi: maji. Asubuhi ya baridi nikisogeza kabati, ubao wa nyuma yake umelowa. Ukipitisha kidole, matone yanakusanyika na kuchuruzika mpaka sakafuni, na madoa meusi ya ukungu yamefuata mstari wa kila kiungo kama yamechorwa kwa rula. Godoro upande wa ukutani linanuka. Nikapeleka malalamiko, nikajibiwa: fungua dirisha.

Jamani, hili si suala la dirisha peke yake. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12 hivi. Ukuta mwembamba usiku wa baridi unafika huko bila shida, hasa nyuma ya kabati ambako joto la chumba halifiki. Watu wanapumua, sufuria inachemka, taulo zinakauka, na yote hayo yamo kwenye chumba kidogo. Halafu muuzaji huyo huyo akanipendekezea hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi! Kila kilo moja ya gesi ya propani ikiungua inazaa lita 1.6 za maji, na yote yanabaki ndani. Kwa hiyo unanunua joto na unyevu kwa pamoja. Tena hewa ikipungua, hita hiyo inatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Kumshauri mtu hivyo kwenye kibanda anacholala ni kucheza na maisha yake. Kama unayo ya namna hiyo, iondoe leo, na king'ora cha kaboni monoksidi uweke hata kama hita yako ni ya aina nyingine.

Jambo la tatu, kijitabu chao. Mbao haitulii. Inavimba na kusinyaa kwa upana kufuatana na unyevu wa hewa, kwa urefu karibu haibadiliki. Sasa ukuta wa mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine unakusanya badiliko la kila ubao: ukuta wa mita 2 unaweza kupanda na kushuka sentimita 2 au zaidi kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Ndiyo maana fremu ya mlango haitakiwi kukazwa kwa skrubu kwenye mbao za ukuta, na juu yake lazima iachwe nafasi inayofichwa na ubao wa urembo. Ukitaka kufunga rafu au bomba la wima, tundu la skrubu liwe mwanya mrefu wa juu-chini ili ukuta uteleze. Kijitabu changu kinaagiza kinyume: kaza fremu kwa skrubu pande zote. Nikafanya kama kilivyosema. Kiangazi kilipofika mbao za chini zikashuka, za juu zikabaki zimening'inia kwenye fremu. Sasa kuna mwanya unaopitisha mwanga, upepo na wadudu, na ubao mmoja umepasuka kona hadi kona. Dhamana? Wanasema "mabadiliko ya kawaida ya mbao" hayamo. Kama ni ya kawaida, kwa nini hayakuandikwa kwenye maelekezo?

Paa ni mbao nyembamba na karatasi ya lami juu yake, basi. Jua likiwaka, kitanda cha juu hakilaliki.

Na msiniambie kosa ni kutaka nyumba ya kujiunganishia. Kampuni ya Sears kule Marekani iliuza nyumba za namna hiyo kwa posta kuanzia 1908 hadi 1940, maelfu kwa maelfu, na nyingine bado zina watu ndani. Zilichorwa tangu mwanzo kuwa nyumba za kuishi. Marekani hiyo hiyo, mwongozo wa ujenzi wa makazi wa 2018 uliongeza kiambatisho cha nyumba ndogo zisizozidi mita za mraba 37, chenye masharti ya kimo cha dari, ngazi na njia ya kutokea moto ukizuka. Inawezekana kabisa. Hawa wetu wanachukua banda la kuwekea vifaa, wanapiga picha ya kitanda ndani, wanapandisha bei.

Ninachodai: nirudishiwe gharama ya kuweka kihami joto (tabaka la kuzuia joto lisipite) kwenye paa, sakafu na kuta, na tangazo lile liondolewe. Mawasiliano yote ninayo, nayapeleka kwenye mamlaka ya kulinda walaji.

Wadau mnaoishi humo mwaka mzima, wekeni hapa unene wa ukuta wenu na kilichoandikwa kwenye dhamana. Na kama kuna aliyefanikiwa kuongeza kihami joto kwa ndani bila mbao kuoza, aeleze alivyoacha njia ya hewa, maana mwezi ujao naanza kubomoa ukuta wa nyuma ya kabati.