Tupeane uzoefu: tahadhari ya baridi kali uliyoisikia nusu, na kilichofuata

Wakuu, salaam.

Naanzisha uzi huu nikiwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinavyokufa ganzi hadi leo hewa ikipoa kidogo tu. Tangazo nililisikia vizuri: nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 24 kwa saa. Namba ya kwanza nikaishika, ya pili nikaiacha ipite, kwa sababu baridi ya kiasi hicho nilishaizoea. Glavu moja ilikuwa imelowa, nikaiacha nyumbani. Kituoni basi likachelewa, mkono mmoja uko mfukoni, wa pili umeshika simu. Baada ya muda vidole vikaacha kuuma, nami nikaona afadhali. Kumbe ndipo vilikuwa vinaganda.

Mwili una tabaka jembamba la hewa ya vuguvugu linaloufunika, na upepo hulipeperusha. Kwa namba zile mbili nilizotajiwa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Nusu saa ndiyo niliyosimama pale! Nilipofika nyumbani nikavisugua kwa nguvu zote, na hilo likawa kosa la pili, maana nyama iliyoganda ikisuguliwa huzidi kuumia. Muuguzi aliniambia ningevitia kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, nisivisogeze kwenye moto, kwa kuwa kidole chenye ganzi hakijui kama kinaungua.

Leteni visa vyenu wenyewe, si vya kusikia. Tangazo lilisemaje, ulilielewaje, ikawaje? Mimi siamini kwamba watu hudharau tahadhari. Naamini tunadaka neno tulilolizoea, lile tusilolijua linapita.

Dereva wa Usiku

Pole sana mkuu. Mimi neno lililonipita ni "kugandia". Walitangaza mvua nyepesi inayoweza kugandia barabarani. Wangesema theluji ningelala, lakini mvua nyepesi nani anaiogopa? Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 2 juu ya sifuri, nikazidi kutulia. Kile hupima hewa, wakuu, hakipimi lami.

Safari ilikuwa nzuri mpaka darajani. Daraja hupigwa na baridi juu na chini, halina ardhi ya kulitunzia joto, hivyo huganda kabla ya barabara yote. Barafu yenyewe huioni, unaona lami nyeusi inayong'aa kama imelowa. Usukani ukawa mwepesi ghafla, na kelele ya matairi ikakatika. Nikakanyaga breki. Gari likazunguka, likajibamiza ubavu kwenye kingo za daraja. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, mjamzito wa miezi saba.

Wote wawili walitoka wazima, namshukuru Mungu kila siku. Sasa najua dalili: barabara inaonekana ina maji lakini magari ya mbele hayarushi hata tone. Ukiona hivyo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uelekee unakokwenda, breki usiiguse kwa ghafla.

Mama wa Wawili

Kaka Dereva, nimesoma nikashika kifua. Hongera kwa mtoto.

Kwetu umeme ulikatika baada ya barafu kuelemea nyaya. Mume wangu akawasha jenereta ndani ya gereji, mlango wa nje tukauacha wazi nusu, tukaamini moshi unatoka. Jioni kichwa kikaanza kuniuma. Mume naye. Mkubwa akasema anasikia kizunguzungu, mdogo akatapika. Nikasema ni mafua, tumeambukizana. Nilimfunga mdogo blanketi nimpeleke hospitali, na kabla hatujafika mbali akafumbua macho, akaniuliza tunaenda wapi. Kichwa changu pia kilikuwa kimepoa. Hapo nikamwambia mume wangu ageuze gari turudi mbio, kwa sababu mkubwa tulimwacha ndani na shangazi yake.

Tuliwakuta wako hai, wamelegea. Ilikuwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mtu aliyelala haimwamshi. Nyumba nzima ikiumwa kichwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msitafute ugonjwa mwingine, tokeni na muite msaada. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi isielekee dirishani. Jiko la mkaa nalo halifai ndani hata kidogo. Hayo yote yaliandikwa mwishoni mwa lile tangazo la dhoruba. Sikufika mwisho, nilisoma sentimita za theluji nikafunga simu.

Mwanzisha uzi

Dada, asante kwa kuandika, najua si rahisi. Gesi hiyo haiishii majumbani. Januari 2022 kule Murree, Pakistan, theluji ilinasa magari mengi barabarani na watu zaidi ya 20 wakafa, wengine kwa baridi, wengine kwa gesi hiyo hiyo ndani ya magari yao. Theluji ikiziba ekzosi, moshi hurudi ndani.

Msafiri

Nathibitisha. Tulinaswa usiku kucha. Kila saa tulishuka kufukua ekzosi kwanza, ndipo tukawasha injini dakika 10 hivi, kioo cha upande usio na upepo tukikiacha wazi kidogo. Mwenzetu mmoja alitaka kutembea hadi kwenye taa tulizoziona mbali. Tulimshika kwa nguvu. Theluji ilipozidi, hata mkono wangu mwenyewe nilikuwa siuoni. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye antena, na ndicho waokoaji walichokiona asubuhi.

Mgeni2

Naomba kuuliza wakuu, tahadhari ya njano si ndogo tu? Mimi husubiri nyekundu.

Mwanzisha uzi

Usisubiri, ndugu yangu. Uingereza, kwa mfano, rangi hupangwa kwa kuchanganya mambo mawili: madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, na uwezekano wa kutokea. Njano inaweza kuwa madhara madogo yanayokuja kwa hakika, au madhara mazito ambayo uwezekano wake bado ni mdogo. Soma maneno yaliyo chini ya rangi.

Mjukuu

Tangazo lilisema "wajulieni hali wazee". Nikampigia babu, akajibu yu mzima, nikaridhika. Ila ulimi ulikuwa mzito, kama mtu aliyelewa, na babu hanywi. Nilikaa kama robo saa nikibishana na moyo wangu, kisha nikaenda.

Hita ilikuwa imekufa tangu jana yake. Hakuwa anatetemeka, nami nikadhani ni dalili njema. Vifungo vya koti vilimshinda, akaniita kwa jina la baba yangu. Hospitali wakampima: nyuzi 33. Chini ya 35 ni hatari tayari, na mwili ukiacha kutetemeka huku bado una baridi, maana yake umeishiwa nguvu. Tulifanya vyema kumfunika kifua na tumbo kwanza, tusimsugue mikono.

Alipona. Nampigia mara mbili kwa siku kila baridi inapotangazwa, na simuulizi tena kama ni mzima. Namwomba anisomee kipimajoto cha ukutani.