Kolajeni kwa magoti, kucha na ngozi baada ya miaka 60: nichague ipi?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Nawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 63 na nilistaafu ualimu wa shule ya msingi miaka mitatu iliyopita. Goti langu la kulia linaniuma ninapopanda ngazi na ninapoinuka kutoka kwenye sijda. Asubuhi hukakamaa kwa dakika kumi hivi, kisha hulegea nikianza kutembea. Kucha zangu, ambazo zamani hazikuvunjika hata nikipalilia bustani siku nzima, sasa zinachanika tabaka kwa tabaka, na ngozi ya mikono imekuwa nyembamba na kavu.

Jirani yangu anayeuza virutubisho ameniambia kwamba ute wa goti langu umekauka na kwamba kolajeni itaurudisha, itaimarisha kucha na kulainisha ngozi kwa pamoja. Ameniletea bidhaa tatu nichague. Ya kwanza ni unga wa kolajeni ya ng'ombe, kopo la gramu 300, kwa shilingi 85,000, na maelekezo yake ni gramu 10 kwa siku. Ya pili ni kolajeni ya samaki iliyochanganywa na biotini (aina ya vitamini B), vidonge 60 vya miligramu 500, viwili kwa siku, kwa shilingi 60,000. Ya tatu imeandikwa kolajeni ya aina ya pili, vidonge 30 vya miligramu 40 tu, kwa shilingi 95,000, na hiyo ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu ina kiasi kidogo kuliko zote na bei yake ni kubwa kuliko zote.

Pensheni yangu hainiruhusu kununua kwa kubahatisha. Naomba mnieleze tofauti iliyopo kati ya hizi tatu, kama kweli zinasaidia, na jinsi ya kujua kwamba ni halali kwa Mwislamu. Natumia pia dawa ya shinikizo la damu kila siku.

Mfamasia, Dar es Salaam

Shikamoo Mwalimu. Umefanya jambo la maana kuandika uzito na bei, kwa sababu maneno makubwa ya mbele ya kopo hayasaidii sana. Jibu liko nyuma, kwenye maandishi madogo.

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Katika ngozi na mifupa iliyo nyingi ni aina ya kwanza, na katika gegedu ni aina ya pili. Mwili huitengeneza wenyewe, lakini uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwa wanawake hushuka kwa kasi hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni inapungua: ngozi huweza kupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake katika miaka mitano ya kwanza. Kwa hiyo mabadiliko unayoyaona mikononi ni ya kweli. Swali ni kama kolajeni inayomezwa inaweza kuyapunguza.

Ukila kolajeni, tumbo na utumbo huivunja kama protini nyingine yoyote. Haiendi moja kwa moja gotini ikajishikiza pale. Unga kama ule wa kopo lako la kwanza umekwisha kukatwakatwa kiwandani kuwa vipande vifupi ili uyeyuke na kufyonzwa kwa urahisi, na baadhi ya vipande hivyo huonekana kwenye damu baada ya kula. Wanaoutetea husema kwamba huko huwa ishara ya kuziamsha seli zitengeneze kolajeni mpya. Bidhaa ya tatu inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Aina ya pili ambayo haijavunjwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye gegedu la kidari cha kuku, hutumiwa kwa kiasi kidogo sana kwa lengo la kuuzoesha mfumo wa kinga, kupitia utumbo, usishambulie gegedu. Ndiyo maana miligramu 40 ni kipimo chake kamili, na ndiyo maana haifai kuilinganisha na unga kwa uzito. Haikukusudiwa ngozi wala kucha.

Sasa tuangalie fedha. Kopo la kwanza linakupa siku 30 za gramu 10, ambazo ni sawa na shilingi 283 hivi kwa gramu. Vidonge vya pili vyote kwa pamoja vina gramu 30 tu, kwa hiyo unalipa shilingi 2,000 kwa gramu moja, mara saba ya bei ya unga. Majaribio mengi ya ngozi na viungo yametumia kati ya gramu 2.5 na 10 kwa siku, wakati vidonge viwili vinakupa gramu moja. Ili ufikie gramu 10 ungemeza vidonge 20 kila siku na vyote vingeisha siku ya tatu. Jihadhari pia na bidhaa zinazoandika «miligramu 10,000» ili namba ionekane kubwa. Hizo ni gramu 10 zile zile.

Kuhusu kusaidia, nitakuambia ninavyowaambia wanaokuja dirishani kwangu. Ushahidi upo, lakini ni dhaifu kuliko matangazo. Kwa ngozi, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025 ulikusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,474. Yalipojumlishwa yote, unyevu na mvutano wa ngozi ulionekana kuboreka. Yalipotengwa yale ambayo hayakulipiwa na kampuni za dawa, faida hiyo haikuonekana tena. Kwa magoti, jaribio la mwaka 2016 lenye watu 191 lilionyesha nafuu kwa waliotumia miligramu 40 za aina ya pili kwa siku 180, nalo pia lilifadhiliwa na upande wa mtengenezaji. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipitia madai ya kolajeni iliyovunjwa kuhusu viungo mwaka 2011 na ikaona kwamba hayajathibitishwa. Kwa kucha, jaribio linalotajwa sana ni la mwaka 2017, la gramu 2.5 kwa wiki 24, ambalo kuvunjika kwa kucha kulipungua. Lakini lilikuwa na watu 25 tu na halikuwa na kundi lililopewa kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Kumbuka pia kwamba kucha zenyewe zimejengwa kwa keratini, ambayo ni protini nyingine.

Suala la halali linahitaji usome neno moja kwenye lebo. Bovine ni ng'ombe, marine ni samaki, na porcine ni nguruwe. Palipoandikwa kolajeni au gelatini bila kutaja mnyama, usinunue. Kolajeni ya ng'ombe nayo haiwi halali kwa kuwa ni ya ng'ombe tu, kwa hiyo tafuta alama ya taasisi inayothibitisha halali. Wengi husahau ganda la kidonge: kolajeni ndani inaweza kuwa ya samaki, na ganda likawa la gelatini ya mnyama mwingine. Unga huondoa shaka hiyo ya ganda.

Dawa ya shinikizo la damu kwa kawaida haigombani na unga mtupu wa kolajeni. Ila kama umewahi kupata mawe kwenye figo, au figo zako zina tatizo lolote, zungumza na daktari kwanza, kwa sababu sehemu ya kolajeni mwilini hubadilika kuwa oksaleti, ambayo ni malighafi ya mawe hayo. Na neno la mwisho, ambalo nalitilia mkazo: kolajeni halisi, ikisaidia, husaidia baada ya wiki nane, kumi na mbili au zaidi. Ukinywa bidhaa ya viungo na maumivu yakaondoka ndani ya siku mbili, iogope. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliuonya umma kuhusu kirutubisho cha viungo kilichouzwa kwa jina la Artri King, baada ya vipimo kukuta ndani yake diklofenaki (dawa ya maumivu) na deksamethasoni (dawa ya steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kwa mtu mwenye presha, dawa hizo zilizofichwa ni hatari kubwa.

Mama wa Wajukuu Wanne, Mombasa

Bi Mwalimu, mimi nataka kuzungumzia kucha na ile biotini iliyo kwenye vidonge vya pili, kwa kuwa nimepitia njia hiyo hiyo. Kucha zangu zilianza kupasuka nikiwa na miaka 58, na nikanunua mchanganyiko wa kolajeni na biotini ambao nilikunywa kwa miezi minne bila ya kumwambia daktari, kwa kuwa sikuuhesabu kuwa dawa. Nikawa nachoka sana, nikaenda kupimwa damu, na majibu yakaonyesha kwamba tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Nilikaribia kuanzishiwa dawa. Kwa bahati, daktari mmoja mwanamke akaniuliza kila kitu ninachotia kinywani, hata chai za majani, na aliposikia biotini akaniagiza niiache kwa siku kadhaa kisha nirudie kipimo. Tezi ilikuwa nzima. Alinieleza kwamba biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, si vya tezi peke yake bali hata kile cha moyo kinachotumika mtu akiletwa na maumivu ya kifua.

Kilichokuwa kikinivunja kucha na kunichosha kilikuwa upungufu wa madini ya chuma. Nilitumia vidonge vya chuma kwa muda alioniandikia, na kucha mpya zilipokua, zilikua nzima. Kucha za mkono huchukua karibu miezi sita kukua kutoka shinani hadi nchani, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya tatu. Nakuomba upime damu kabla ya kununua kopo lolote, na uangalie pia mikono yako inakaa majini muda gani kwa siku, kwani kufua na kuosha vyombo bila glavu huzichana kucha vile vile ulivyoeleza, tabaka kwa tabaka.

Mfiziotherapia, Moshi

Shikamoo Mama. Naomba nianze na maneno ya jirani yako kuhusu ute, kwa sababu nayasikia kila siku kazini na yanawatia watu hofu isiyo na sababu. Katika goti linalouma kwa umri, ute kwa kawaida haukauki. Mara nyingine huongezeka mpaka goti likavimba. Kinachobadilika ni gegedu, ambalo hupungua unene na kupoteza ulaini, pamoja na mfupa ulio chini yake na misuli inayolishikilia goti. Maelezo yako ya kukakamaa kwa muda mfupi asubuhi na maumivu ya ngazi yanafanana na hali hiyo, ingawa lazima mtu akuchunguze kwa mikono yake. Kama goti lingekuwa la moto, limevimba ghafla, au ukakamavu unazidi nusu saa kwenye viungo vingi, ningekuambia uende hospitali wiki hii hii.

Misuli ya mbele ya paja ndiyo mlinzi wa goti, na baada ya miaka 60 hupungua haraka kwa mtu anayekaa sana. Zoezi ninaloanza nalo ni la kiti: kaa kwenye kiti kigumu chenye urefu wa kawaida, kunja mikono kifuani, simama polepole, kisha keti polepole zaidi, mara nane hadi kumi, pumzika, rudia. Fanya siku tatu kwa wiki, na maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake si dalili ya kuharibu. Ukiwa na uzito wa ziada, kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Katika sala, ikiwa kuinuka kunakuumiza sana, kiti kipo, na wazee wengi ninaowahudumia hukitumia kwa kipindi huku wakijenga nguvu, kisha wengine hurudi chini.

Kolajeni siipingi. Ninachohuzunika nacho ni kumwona mtu ametumia pensheni ya miezi mitatu kwenye makopo, na paja lake bado ni jembamba kama lilivyokuwa.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Nawashukuru sana, wanangu, na wewe dada yangu wa Mombasa. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba kucha na goti huenda ni mambo mawili yasiyohusiana. Vidonge vya biotini nimevirudisha, na Jumatatu nitakwenda kupima damu. Nimejaribu zoezi la kiti leo asubuhi. Nilifika mara sita. Nimebakiwa na swali moja. Marehemu mama yangu aliamini supu ya makongoro kwa viungo, na hapa kwetu haikosekani. Je, hiyo si kolajeni ile ile kwa bei ndogo?

Mfamasia, Dar es Salaam

Mwalimu, kwa asili ni ile ile. Mifupa ya miguu, kano na ngozi ya ng'ombe zikichemshwa kwa saa nyingi, kolajeni yake hulegea na kuwa gelatini, na ndiyo maana supu ikipoa huganda. Kinachokosekana ni kipimo, kwani huwezi kujua bakuli lina gramu ngapi. Kwa kuwa una presha, engua mafuta yanayoelea juu ikishapoa na utie chumvi kidogo sana. Supu za mgahawani mara nyingi zimezidi chumvi. Kamulia ndimu, na siku hiyo ule pera au unywe juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi, kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C. Usiifanye supu hiyo kuwa protini yako pekee, maana kolajeni haina triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo lazima tuzipate kwenye chakula. Maharage, mayai, dagaa na samaki vibaki mezani.

Majibu ya damu yakitoka salama na bado ukataka kujaribu, chukua kopo la unga, moja kwanza, likiwa na alama ya halali na tarehe ya kuisha iliyo mbali. Kabla ya kuanza, andika kwenye daftari goti linauma kiasi gani kati ya sifuri na kumi ukipanda ngazi, na upige picha ya kucha zako. Rudia kila baada ya wiki nne. Ikifika wiki ya 12 na daftari halionyeshi tofauti, acha. Kwa ukavu wa mikono usisubiri kolajeni: paka mafuta ya mgando mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na ufunike mikono unapokuwa bustanini jua la mchana, kwa kuwa jua huivunja kolajeni ya ngozi.