Mrejesho: ile pikapu ya Ford 1930 iliyokuwa inachemsha
Wakuu nimerudi, ni yule wa huku Ohio mwenye Ford Model A pikapu niliyoitia V8 ya flathedi (injini ya zamani ya silinda nane, valvu zake ziko ndani ya bloku), ikawa inachemsha hata kona sijafika. Kaka uliyesema nisikimbilie rejeta mpya, kwanza nifungue bloku nisafishe, asante sana aisee, njia za maji zilijaa kutu na mchanga wa kalibu (ule wa kumiminia chuma wakati wa kutengeneza bloku) tangu kiwandani, na kwa vile ekzosi inapita ndani ya bloku, injini inapikika yenyewe. Sasa barabarani imetulia kabisa. Kwenye foleni bado, geji ya joto inapanda, nimeagiza feni kubwa. Kutoa thamostati (kidhibiti joto la maji) nilijaribu, haikusaidia kitu. Breki za mafuta za Ford 1939 nimefunga, zinashika ila gari inavuta kushoto, hapo bado nahangaika.