Dola ya Ujerumani ya 1871: iliundwa na utaifa au na majeshi ya Prussia?

Mwanafunzi wa kidato cha sita

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninajiandaa kwa mtihani wa Historia, na katika mada ya muungano wa Ujerumani kuna jambo moja linalonisumbua. Maelezo tuliyopewa darasani yanataja utaifa kuwa sababu ya kwanza ya muungano, kisha yanaingia moja kwa moja kwenye vita vitatu vya Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, ufalme wenye nguvu wa Kijerumani: dhidi ya Denmark mwaka 1864, dhidi ya Austria mwaka 1866, na dhidi ya Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871. Lakini ninaposoma zaidi naona kwamba mwaka 1866 Bavaria, Saxony, Hannover na Württemberg zilipigana upande wa Austria, maana yake Wajerumani waliuana wao kwa wao miaka mitano tu kabla ya kuwa dola moja. Ikiwa utaifa ulikuwa na nguvu kiasi hicho, kwa nini ilibidi baadhi yao wapigwe ndipo waungane? Na ikiwa kazi yote ilifanywa na jeshi, utaifa ulifanya nini hasa?

Swali hili linanigusa pia kwa sababu dola hiyo ndiyo iliyokuja kututawala. Barua ya ulinzi ambayo Kaisari aliipa kampuni ya Carl Peters ilitolewa Februari 1885, wakati Dola yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 14 tu, na ningependa kuelewa ilitokea wapi.

Mwalimu mstaafu

Mwanangu, umegusa penyewe. Ugumu wa maelezo ya darasani ni kwamba yanazungumzia utaifa kana kwamba ulikuwa kitu kimoja kisichobadilika tangu enzi za Napoleon hadi 1871, ilhali uliwahi kuwa adui mkubwa wa wafalme wale wale waliokuja kuvishwa taji kwa jina lake.

Anza na hali ilivyokuwa. Dola Takatifu ya Kirumi, ambayo kwa karne nyingi ilizikusanya nchi za Kijerumani chini ya kivuli kimoja kilicholegea, ilivunjwa mwaka 1806 kwa shinikizo la Napoleon. Alipoanguka, wakuu wa Ulaya waliokutana Vienna hawakuirudisha, bali mwaka 1815 waliunda Shirikisho la Ujerumani lenye madola 39, kila moja likiwa na serikali yake na wengi wa watawala wake wakiulinda ufalme wao kwa wivu. Baraza la Shirikisho lilikaa Frankfurt chini ya uenyekiti wa Austria.

Waliokuwa wakililia taifa moja katika miaka hiyo walikuwa hasa watu waliosoma. Mwanafalsafa Fichte alihutubia juu ya taifa la Kijerumani jijini Berlin katika majira ya baridi ya 1807 na 1808, wakati askari wa Kifaransa wakiwa bado mjini. Wanafunzi walikusanyika katika ngome ya Wartburg mwaka 1817, na mwaka 1832 maelfu ya watu walipanda hadi Hambach wakiwa na bendera za rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu. Watu hawa walitaka umoja, lakini pamoja nao walitaka katiba, bunge na uhuru wa magazeti, na ndiyo maana Metternich, waziri wa Austria, aliwaogopa. Maazimio ya Carlsbad ya mwaka 1819 yaliweka vyuo vikuu chini ya uangalizi na magazeti chini ya udhibiti.

Nafasi yao ilikuja mwaka 1848, mapinduzi yalipozuka na bunge la taifa likafunguliwa tarehe 18 Mei katika kanisa la Mtakatifu Paulo, Frankfurt. Bunge hilo lilibishana kwa muda mrefu kama Ujerumani iwe kubwa, pamoja na nchi za Kijerumani zilizo chini ya Austria, au iwe ndogo, bila Austria na chini ya Prussia. Liliandika katiba, likamchagua Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia kuwa Kaisari, na tarehe 3 Aprili 1849 ujumbe wake ulifika Berlin kumpa taji. Alilikataa. Kwake, taji lililotolewa na wawakilishi wa wananchi, badala ya kutolewa na wafalme wenzake, halikuwa na heshima. Bunge halikuwa na jeshi wala hazina ya kumlazimisha yeyote, na baada ya wiki chache lilisambaratika. Kwa maoni yangu, siku hiyo inajibu nusu ya swali lako: utaifa ulikuwa na hoja, ulikuwa na wasemaji hodari, lakini haukuwa na dola mkononi.

Nusu ya pili iko mwaka 1866, na hapa nakusihi usikimbie. Tangu 1862 Bismarck alikuwa akigombana na bunge la Prussia lililokataa kuidhinisha fedha za jeshi, naye akaendelea kukusanya kodi na kuzitumia bila idhini yake. Kisha, tarehe 3 Julai 1866, Waaustria walishindwa huko Königgrätz. Majeshi ya Prussia chini ya jemadari Moltke yalikuwa yamesafirishwa kwa reli hadi mpakani, na askari wake walibeba bunduki zinazopakiwa risasi kwa nyuma, ambazo mtu huweza kuzijaza akiwa amelala chini, wakati wapinzani wao walilazimika kusimama na kushindilia kwa mdomo wa mtutu kama tunavyofanya kwa gobore. Miezi miwili baadaye bunge lile lile lilipitisha sheria ya kuhalalisha matumizi yote yaliyokuwa yamefanyika bila ridhaa yake. Waliberali wengi waliamua kwamba, ikiwa umoja unapatikana, suala la mamlaka ya bunge linaweza kungoja. Hapo ndipo utaifa ulipohama kutoka mikononi mwa wadai katiba kwenda mikononi mwa serikali ya mfalme, na ulihama kwa hiari.

Msomaji wa historia ya uchumi

Nakubaliana na Mwalimu kwa mengi, ila nasikitika kwamba mazungumzo ya namna hii huruka forodha, ambayo ilifanya kazi kimya kimya kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya vita. Prussia ilifuta ushuru wa ndani ya nchi yake mwaka 1818, na kuanzia tarehe 1 Januari 1834 Umoja wa Forodha uliziunganisha Prussia, Bavaria, Saxony, Württemberg na nchi nyingine kadhaa katika soko moja, huku Austria ikibaki nje. Mwaka uliofuata ilifunguliwa reli fupi kati ya Nürnberg na Fürth, iliyokuwa ya kwanza ya treni ya mvuke katika Ujerumani, na njia za reli zikaendelea kupita mipaka ya wafalme. Mfanyabiashara aliyekuwa akilipa ushuru mara kadhaa kabla mzigo wake haujafika alianza kuiona Ujerumani bila Austria kuwa jambo la kawaida, hata kama hakuwahi kwenda Hambach.

Hata hivyo, sitaki kuikuza hoja yangu kupita kiasi. Mwaka 1866 nchi kubwa za Umoja wa Forodha, zilizokuwa zimefanya biashara na Prussia kwa miaka mingi, ndizo zilizochukua silaha dhidi yake. Mwaka 1868, raia wa kusini walipochagua wabunge wa Bunge la Forodha, Bavaria na Württemberg zilipeleka wengi waliompinga Bismarck. Watu walipenda soko moja bila kupenda kutawaliwa kutoka Berlin.

Mwanafunzi wa kidato cha sita

Nawashukuru sana, wazee wangu. Sasa naona kwamba hadi 1868 kusini kulikuwa bado hakujakubali. Je, ni nini kilichobadilika katika miaka miwili tu? Na kwa nini Dola ilitangazwa Versailles, nchini Ufaransa, badala ya Berlin au Frankfurt?

Mwalimu mstaafu

Kilichobadilika ni adui. Mwaka 1866 Bismarck alikuwa amefunga mikataba ya siri ya ulinzi na nchi za kusini. Julai 1870, mfalme wa Prussia akiwa mapumzikoni Ems, balozi wa Ufaransa alimtaka aahidi kwamba jamaa yake hatagombea tena kiti cha ufalme wa Hispania. Bismarck aliipunguza telegramu iliyoeleza mazungumzo hayo hadi ikasomeka kama matusi kwa pande zote mbili, akaitoa magazetini, na tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita. Bunge la Bavaria, ambamo wengi walitaka nchi yao isiingie, lilipiga kura ya kutoa fedha za vita. Hapo utaifa ulifanya kazi ambayo mkataba wa siri peke yake usingeweza kuifanya.

Versailles palikuwa makao makuu ya jeshi lililoizingira Paris, ndiyo sababu sherehe ya tarehe 18 Januari 1871 ilifanyika katika Ukumbi wa Vioo mbele ya wakuu na maofisa. Mwezi mmoja kabla, ujumbe wa bunge la Shirikisho la Kaskazini, lililoundwa chini ya Prussia baada ya vita vya 1866, ulikwenda huko kumwomba Mfalme Wilhelm akubali cheo cha Kaisari, na kiongozi wake alikuwa Eduard Simson, mtu yule yule aliyeongoza ujumbe uliokataliwa Berlin mwaka 1849. Safari hii alipokelewa, lakini baada ya wafalme wenyewe kukubali. Barua ya Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria ya kuliomba taji kwa niaba ya wenzake iliandaliwa na Bismarck, na Ludwig alilipwa kwa siri kutoka katika mali iliyonyang'anywa mfalme wa Hannover. Bavaria ilibakiwa na posta yake, reli zake na kodi yake ya bia, na bunge lake liliidhinisha mikataba tarehe 21 Januari, siku tatu baada ya Dola kutangazwa.

Msomaji wa historia ya uchumi

Naomba kuongeza jambo kwa ajili ya insha yako, kijana, kwa sababu linaniuma kila ninapolisoma. Utaifa ule ule ulioziunganisha nchi 25 haukuwauliza Wapolandi wa Posen, jimbo la Prussia, wala watu wa Alsace waliochukuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1871. Wadenmark wa kaskazini ya Schleswig, nchi iliyotwaliwa kutoka Denmark, walikuwa wameahidiwa, katika ibara ya tano ya Mkataba wa Prague wa mwaka 1866 uliomaliza vita na Austria, kwamba wangepiga kura kuhusu nchi waitakayo. Baadaye Prussia na Austria zikakubaliana kuifuta ibara hiyo. Kura hiyo ilipigwa mwaka 1920, Dola ikiwa imekwisha anguka, na ukanda wa kaskazini ukachagua kurudi Denmark.