Mjadala: Kaunti zipewe ruzuku ya kulipa askari wa akiba?

MtuWaBonde
Kila msimu wa wizi wa mifugo, kuanzia Baringo hadi Samburu, kilio ni kile kile: askari hawatoshi. Naleta hoja mezani. Serikali kuu itenge ruzuku yenye masharti chini ya Kifungu cha 202(2) cha Katiba, iingie kaunti husika, ilipe posho, bima, sare na mafuta ya askari wa akiba, hawa wa National Police Reserve (NPR). Ndio wanaojua mifugo hupitishwa korongo gani usiku. Mwaka 2019 walinyang'anywa bunduki ili wapigwe msasa upya, na Februari 2023 tukaishia kupeleka jeshi, KDF. Askari 200 wakipewa posho ya Sh10,000 kwa mwezi ni Sh24 milioni kwa mwaka. Operesheni moja ya jeshi inakula zaidi ya hapo. Kwa sasa kaunti zina kanjo, yaani askari wa kaunti, wa kufukuza mama mboga, lakini hazina hata mmoja wa kumfuata mwizi wa ng'ombe.

Wakili_wa_Kijiji
Ndugu, polisi ni kazi ya serikali kuu. Soma Jedwali la Nne, Sehemu ya Kwanza. Pesa za 202(2) zinaweza kufika kaunti, sawa, ila kaunti itazitumia kwa kazi isiyo yake. Bila makubaliano ya maandishi ya Kifungu cha 187, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ataibua hoja mwaka wa kwanza tu. Halafu Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtambua askari wa akiba kama mtu aliyejitolea, asiyepungua miaka 18, na amri anapewa na polisi, si na gavana. Ukimlipa kutoka hazina ya kaunti, akivunjika mguu akifuata nyayo, fidia inatoka wapi? Akimpiga risasi mtu asiye na hatia, nani anashtakiwa pamoja naye? Hayo yaandikwe kwanza, pesa zifuate.

Inspektareti_Halisi
Mimi nimekwama pale pa "kanjo wa kufukuza mama mboga". Haya maneno yanatumiwa na watu wasiojua askari wa kaunti anafanya nini. Ada ya soko inakusanywa na nani? Nani anasimama kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao saa kumi alfajiri? Jengo linalojengwa bila kibali, nyama isiyo na muhuri, taka zinazomwagwa mtoni, hizo zote ni kazi zake. Sheria ya kumwondoa mchuuzi barabarani haikutungwa na yeye, ilipitishwa na MCA, wawakilishi wa wadi mliowapigia kura. Leteni hoja ya NPR bila kutukana wafanyakazi wa watu.

MtuWaBonde
Hakuna aliyetukana. Nimesema wako na hawafuati ng'ombe. Hiyo ni kweli au si kweli?

Inspektareti_Halisi
Ni kweli kwa sababu hawana ruhusa ya silaha wala si kazi yao! Unamlaumu samaki kwa kutopanda mti.

Mwana_Texas
Tuachane na kanjo kidogo. Huku Marekani kuna mpango wa COPS uliotokana na sheria ya uhalifu ya 1994, lengo likiwa kuongeza polisi 100,000 mitaani. Ruzuku yake ya kuajiri hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara na marupurupu ya askari wa cheo cha chini kwa miaka 3, na kikomo ni dola 125,000 kwa kila nafasi. Mji unachangia angalau asilimia 25. Ruzuku ikiisha, mji unamweka askari huyo kwa pesa zake kwa muda usiopungua miezi 12. Na marufuku kubwa ni hii: mji hauruhusiwi kupunguza bajeti yake ya polisi kisha uzibe pengo kwa ruzuku. Ukinaswa, unaweza kudaiwa pesa zirudi. MtuWaBonde, pendekezo lako linataja kuanza tu. Mwaka wa nne analipa nani?

Binti_wa_Marigat
Kaka wa Texas, usitupimie Baringo kwa kibaba cha huko. Mji wa Marekani una polisi wake, unamwajiri na kumfukuza mkuu wao. Gavana wetu hana hata mamlaka ya kumhamisha OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Kamati ya usalama ya kaunti inaongozwa na kamishna wa kaunti, mtu wa serikali kuu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Polisi kilitaka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ikiongozwa na gavana au mjumbe wake, ikiwa na wawakilishi wa akina mama, vijana, wafanyabiashara na dini. Waulize magavana wamehangaika na hicho kifungu miaka mingapi.

Mwana_Texas
Dada, sikupima mtu. Nimeuliza swali la mwaka wa nne na bado halijajibiwa.

Daftari_la_Stoo
Hao 200 mnaowajadili, shida yao kubwa haitakuwa posho. Itakuwa silaha na gari, na huko ndiko ruzuku nyingi zinapooza.

Silaha kwanza. Jina la askari wa akiba hutoka barazani, wazee na chifu wanamthibitisha, linapita kamati ya usalama ya kaunti ndogo, kisha linapanda hadi kwa polisi. Akishakubaliwa, bunduki ni ya polisi na lazima iwe na mstari wake daftarini: nambari ya bunduki, jina, saa iliyotoka, risasi ngapi. Zikitoka 30 na kurudi 22, zile 8 ziwe na maelezo kwenye OB (daftari la matukio kituoni) na maganda yake yaletwe yakipatikana. Sasa kituo kikiwa kilomita 60 kutoka manyatta, mtu hawezi kurudisha bunduki kila asubuhi. Analala nayo. Ukaguzi wa kila siku unakuwa wa kila mwezi, halafu wa kila robo mwaka, na hapo ndipo risasi zinaanza kuuzwa. Kwa hiyo ruzuku ilipe kwanza kontena la chuma lenye kufuli mbili na funguo mbili kwa watu wawili tofauti, na koplo mmoja wa kudumu wa kushika daftari. Bila hivyo mtakuwa mmegawa bunduki tu.

Gari sasa. Land Cruiser ikizunguka kilomita 100 usiku kwenye mchanga na mawe hula kama lita 15. Siku 30 ni lita 450, na dizeli ikiwa karibu Sh170 ni Sh76,500 kwa mwezi kwa gari moja. Kaunti ikinunua gari lenyewe, linapata namba ya CG, ya serikali ya kaunti. Akiliendesha polisi na kuligonga, bima itauliza dereva ni mwajiriwa wa nani. Tairi zikiisha, polisi wanasema si gari lao, kaunti inasema halitumiki kwa kazi ya kaunti. Linawekwa juu ya mawe nyuma ya kituo. Dawa yake ni kulihamisha rasmi lipate namba ya GK, ya serikali kuu, siku ile ile linapokabidhiwa, na mkataba utaje nani analipa mafuta, nani anafanya sevisi.

Binti_wa_Marigat
Asante sana kwa hilo la funguo mbili.

HesabuZaNchi
Ongeza na kalenda. Ruzuku za ziada kwa kaunti huhitaji sheria yake kila mwaka wa fedha. Ule mswada wa 2024/25 ulikwama kwa sababu Seneti na Bunge la Taifa walivutana juu ya Sh10.5 bilioni za ushuru wa matengenezo ya barabara. Ruzuku nyingine zote zilisubiri humo ndani, hata zisizohusika na barabara. Askari wa akiba mwenye bunduki anayekaa miezi sita bila posho ni hatari kuliko kutokuwa naye. Na msisahau vifaa vya hospitali vya kukodi vya 2015: kila kaunti ilikatwa Sh95 milioni kwa mwaka, zikafika Sh200 milioni, kwa mkataba uliosainiwa Nairobi. Ruzuku ya usalama ikienda mkondo huo, kaunti itabaki na lawama bila usemi.

MtuWaBonde
Nimekubali la sheria ya kila mwaka. Basi posho ipitie bajeti ya polisi wenyewe, na ruzuku ya kaunti ibaki kwa kontena, redio, mafuta na bima. Mwana_Texas, mwaka wa nne kaunti iweke asilimia yake tangu mwaka wa kwanza, ipande polepole. Lakini nasimama na la kanjo. Kaunti ikiweza kulipa mamia ya watu wa kuvunja vibanda, isituambie haina uzoefu wa kulipa walinzi.

Inspektareti_Halisi
Umerudi hapo tena. Kuvunja vibanda kunatanguliwa na notisi. Nionyeshe mahali ambapo sheria inasema askari wa kaunti hana mamlaka ya kukamata.

Wakili_wa_Kijiji
Kumpandisha mtu kwenye lori na kumzungusha mjini kwa muda wa saa tano si kukamata kisheria, hata kama anayo mamlaka. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kukamata chini ya kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, na kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Katiba, 49(1)(f), inataka mtu afike kortini ndani ya saa 24. Askari wa kaunti awe na kitambulisho, sare na namba inayosomeka, na akichukua bidhaa aandike hati: nyanya kreti 2, mizani 1, tarehe, saa, sahihi ya pande zote mbili. Nyanya zikioza, mwenye hati anajua pa kudai.

Inspektareti_Halisi
Hati zipo. Vitabu huisha, na manunuzi ya kuchapisha vingine huchukua miezi.

Binti_wa_Marigat
Basi kazi ya kukamata bidhaa isimame mpaka vitabu vichapishwe. Mama mwenye kreti mbili hana miezi ya kusubiri manunuzi yenu.