Mrejesho: bolti iliyokuwa ngumu baada ya masika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kuhusu bunduki ya bolti ninayokabidhiwa lindoni hapa Wete: bolti, yaani komeo ya chuma inayofunga nyuma ya mtutu, nzito kuvuta, na kutu ndani ya mtutu.

Mliniuliza naipaka nini. Mafuta ya nazi! Ndiyo yaliyonasa vumbi yakaganda.

Nilitoa risasi zote, nikatazama chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho na kupapasa kwa kidole, kisha nikachomoa bolti. Fimbo ya kusafishia yenye kitambaa nikaipitishia nyuma, upande wa chemba, ili mdomo wa mtutu usichubuke. Umbo la mdomo ule ndilo linaloshika shabaha. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi tititi, cha pili kina rangi ya kijani, masalia ya shaba ya risasi. Cha tisa kikatoka cheupe. Nilifurahi mno.

Meno ya bolti, yale yanayoifunga mahali pake, nimeyapaka grisi kidogo tu. Chemba nimeiacha kavu.

Na ule mfuko wa turubai niliokuwa nikihifadhia bunduki nimeuacha, maana unashika unyevu, na upepo wetu wa bahari una chumvi. Kutu imebaki alama mbili ndogo karibu na mdomo. Fundi wa silaha ataziangalia wiki ijayo. Ahsanteni sana.