Programu moja, Linux nyingi: niikompaili wapi?

Swali: Wakuu, programu niliyokompaili (kugeuza msimbo kuwa faili la kuendeshwa) kwenye Ubuntu 22.04 inagoma Debian 11, Linux nyingine, inadai haioni GLIBC_2.34. Kwa nini Linux zisiunganishwe tu?

Jibu: Mkuu, tatizo ni glibc, maktaba ya msingi ya C (msimbo wa pamoja ambao programu huutegemea). Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Debian 11 ina 2.31. Glibc mpya huendesha programu za zamani. Kinyume chake hapana. Kompaili ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) la Debian 11, kisha kagua matoleo ya glibc ambayo programu inadai: `objdump -T programu | grep GLIBC_`. Namba kubwa kabisa isizidi 2.31.

Jibu: Alpine, Linux nyingine, bado itakataa, inatumia musl, maktaba nyingine ya C badala ya glibc. Ila musl ni nyepesi, ndiyo maana OpenWrt, Linux ya ruta, huitumia. Utofauti huo tuuache!

Jibu: Kuunganisha kulijaribiwa. LSB (Linux Standard Base, mradi wa kanuni za pamoja za Linux) ilichagua RPM kuwa muundo wa vifurushi vya programu, na Debian ikajitoa 2015. Programu yenye dirisha (GUI) iweke kwenye Flatpak, inayoifungasha pamoja na maktaba zake. Itakula diski zaidi.